DuckDNS kwa BBS ya Nyumbani: Tuichukue au Tupite?

Haya, karibuni tena. Leo mezani tuna DuckDNS, huduma ya bure inayolipa jina la kudumu anwani ya mtandao inayobadilika-badilika, na nitaipima kwa kazi moja tu: BBS yako, ile bodi ya matangazo ya maandishi matupu iliyo kwenye kompyuta ya nyumbani, ipatikane kwa jina badala ya namba. Wenye kamera za ulinzi na seva za magemu mnisamehe, zenu zimejaa tele.

Ward Christensen na Randy Suess walipoiwasha CBBS kule Chicago mwaka 1978, mgeni alihitaji namba ya simu tu, na namba ya simu haibadiliki usiku watu wamelala. Siku hizi wageni wanaingia kupitia intaneti kwa Telnet au SSH, njia za kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa maandishi, na ile anwani ya IP ya nyumbani, yaani namba ya kompyuta yako mtandaoni, umeazimwa tu na mtoa huduma wako. Ruta ikizima na kuwaka, huenda ukapewa nyingine. Mgeni aliyeiandika ile ya zamani anabisha hodi kwa watu asiowajua. Ndiyo maana tunataka jina lisilobadilika, na programu ndogo ya kuripoti anwani mpya kila inapobadilika.

Kujisajili hakuna hadithi ndefu. Unaingia kwa akaunti uliyonayo tayari, ya Google kwa mfano, unachagua jina, linaongezewa duckdns.org kwa nyuma, kwisha. Unaruhusiwa majina 5 bila kulipa. Halafu unapewa tokeni, huu mlolongo mrefu wa herufi na namba. Mnaona hapa nimeufunika. Si maringo: mwenye tokeni hiyo anaweza kulielekeza jina lako kokote anakotaka, na haulizwi nenosiri. Kwa hiyo ukiomba msaada mahali, usitume picha ya skrini nzima.

Sasa kuripoti anwani, na hapa ndipo jamaa hawa walinikuna. Kazi yote ni kufungua kiungo kimoja. Kiungo kina jina lako, kina tokeni, na mwisho kina sehemu ya IP ambayo unaiacha wazi. Seva yao inajionea yenyewe ombi limetoka anwani gani. Jibu ni herufi mbili. OK, mambo safi. KO, umekosea jina au tokeni. Kwenye Linux unaweka amri moja ya curl, inayofungua kiungo, ndani ya cron, ile ratiba ya kazi za kujirudia, kila dakika 5, umemaliza. Hata kile kijikompyuta cha Raspberry Pi hakitatoka jasho.

Ila kuna mitego miwili. Kama mashine inayotuma ripoti inapita kwenye VPN, huduma inayopitisha mtandao wako kwenye seva ya mbali, jina litaelekea kwenye VPN, utapata OK yako nzuri kabisa na hakuna mgeni atakayeingia. Na ukiacha sehemu ya IP wazi, inatambuliwa IPv4 peke yake, yaani anwani ya mtindo wa zamani. Ya IPv6, ule mtindo mpya, lazima uitaje mwenyewe.

Mpinzani wake wa karibu ni No-IP. Uzuri wake, ruta nyingi zinayo tayari kwenye menyu, kwa hiyo huandiki skripti yoyote. Ubaya wake, jina la bure inabidi ulithibitishe kila baada ya siku 30. BBS ni kitu unachowasha ukakisahau, sasa ukikisahau na jina likaondoka? Kwangu hapo imepoteza alama. Na mkikutana na mwongozo wa zamani unaowatuma DynDNS ya bure, pitilizeni, huduma hiyo ya bure ilifungwa mwaka 2014.

Mwaka huohuo Microsoft ilipata amri ya mahakama ikachukua vikoa 22 vya No-IP, yaani majina makuu ambayo majina ya wateja yalikuwa chini yake, ikiwawinda watu wa programu hasidi, na watumiaji wasio na hatia wakajikuta majina yao hayafunguki. Ndiyo maana mwenye kikoa chake namshauri aweke rekodi ya CNAME, inayofanya jina moja liwe lakabu ya jingine, ielekee jina la DuckDNS. Wageni wanashika jina lako, na siku huduma ya nyuma ikileta maneno unaibadilisha kimyakimya.

Tuje kwenye mtihani wenyewe, maana wengi wanailaumu DuckDNS kwa kosa lisilo lake. Jina halifungui mlango. Ingia kwenye ruta, tazama anwani ya upande wa WAN, yaani wa nje, kisha ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kukuambia IP yako. Zikifanana, elekeza poti, ile namba ya mlango wa programu, kwenye mashine ya BBS uendelee. Zikitofautiana, hasa ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT: anwani moja ya nje mnachangia wateja wengi, na hakuna jina litakaloleta mgeni kwako kwa njia hiyo. Omba anwani ya umma, tumia IPv6 kama unayo, au kodi seva ndogo nje upitishe njia huko. Fanya kipimo hiki kabla hata hujajisajili popote.

Poti nayo. Telnet ni 23, na tangu Mirai, programu hasidi inayoteka vifaa vya mtandaoni, ilipozuka mwaka 2016 poti hiyo inagongwa na roboti mchana na usiku. Hata 2323 imo kwenye orodha yao. Chagua nyingine kabisa, lakini uitangaze pamoja na jina, kwa sababu rekodi ya kawaida ya anwani haibebi namba ya poti.

Na msijaribu mkiwa ndani. Ruta nyingine hazikubali uliye ndani uingie kwa anwani ya nje, utadhani umekwama kumbe wageni wanapita. Zima Wi-Fi kwenye simu, ingia kwa data.

Hukumu yangu: ukiendesha BBS yako kwa programu ya Mystic au ENiGMA½, chukua DuckDNS bila kusita. Ukitumia programu ya Synchronet, subiri kwanza. Wao wana huduma yao: ukijiunga na DOVE-Net, mtandao wao wa BBS kubadilishana ujumbe, unapata jina chini ya synchro.net bure, na programu yenyewe ndiyo inayoripoti anwani. Hapo DuckDNS haina cha kukuongezea.