Uzoefu wangu na Kaspersky Rescue Disk: kusafisha kompyuta iliyoingiwa na Sality

Kwa Windows iliyoingiwa na kirusi cha kujipachika kwenye faili, kama Sality, naipa nafasi ya kwanza Kaspersky Rescue Disk, antivirasi inayowashwa kutoka kwenye flashi badala ya ndani ya Windows. Sality ikiwa hai huzima antivirasi, huzuia Task Manager na kihariri cha rejista (hazina ya mipangilio ya Windows), na hufuta hata sehemu za rejista zinazoiwezesha Windows kuingia Safe Mode, yaani kuwaka na vitu vichache vya lazima tu. Antivirasi unayoipachika ndani ya Windows hiyo inaanza kazi ikiwa imeshafungwa mikono. Diski hii inakuja na Linux yake. Windows haiwaki kabisa, kwa hiyo kirusi hakina cha kuzuia.

Ni ya bure. Pakua picha ya ISO (faili moja yenye diski nzima), inayozidi MB 500, ukitumia kompyuta safi na siku ileile ya kazi, kwa sababu orodha ya virusi imo ndani ya picha na ya mwaka jana haina maana. Flashi ya GB 4 inatosha. Iandike kwenye flashi kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi za kuwashia, na ikikuuliza namna ya kuandika, chagua DD. Baada ya hapo Windows itadai flashi ifomatiwe, usikubali.

Kinachoharibu kazi ya wengi ni namna walivyoizima Windows. Windows 10 na 11, ukibonyeza Shut down kawaida, hazizimi kikamilifu: Fast Startup huacha diski ya C ikiwa nusu wazi ili kesho iwake haraka. Linux ikikuta hali hiyo hufungua diski kwa kusoma tu. Kirusi kitaonekana, kitatajwa kwa jina, na hakitaondoka. Shikilia Shift huku ukibonyeza Shut down, au andika shutdown /s /t 0 kwenye Command Prompt.

Kisha BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba data yote ya diski. Diski iliyofungwa kwa BitLocker haisomeki kutoka nje, na laptop nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa zimefungwa bila mwenyewe kujua. Angalia kwa manage-bde -status kwenye Command Prompt. Ikiwa imefungwa, ifungue kwa manage-bde -off C: na usubiri imalize. Ufunguo wa kurejesha uwe mkononi kabla hujagusa Secure Boot (ulinzi wa kuwasha kompyuta) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, maana mabadiliko humo yanaweza kuifanya Windows iudai. Diski isipoonekana kabisa kwenye laptop ya Intel, kagua BIOS kama namna ya kuendesha diski imewekwa RST au VMD. Usihamishe kwenda AHCI, namna ya kawaida, ovyo, Windows inaweza kugoma kuwaka.

Washa kompyuta kwa flashi: F12 kwa Dell, Lenovo na Acer nyingi, F9 kwa HP, Esc kwa Asus. Menyu ikitokea bonyeza kitufe chochote upesi, la sivyo itarudi kwenye diski ya ndani. Skrini ikibaki nyeusi, chagua Limited graphic mode. Kabla ya kuanza, ingia Change parameters uweke tiki kwenye diski zote. Ukaguzi wa kawaida hupitia sehemu za kuwashia na programu zinazojianzisha, na hiyo haitoshi hata kidogo kwa Sality, inayoambukiza faili za .exe na .scr popote zilipo. Diski ya zamani ya kuzunguka yenye GB 500 itachukua saa kadhaa, hivyo chaja ibaki imechomekwa.

Orodha ikija, usichague Delete kwa yote. Faili iliyoambukizwa na Sality ni programu yako halali iliyobandikwa kirusi. Chagua Disinfect kwanza. Ukifuta kwa pamoja utafuta na programu za kazini, na Windows yenyewe inaweza isiwake. Delete ni ya trojani kamili (faili ambayo yote ni kirusi) na krak za programu. Rudia ukaguzi hadi usipate kitu.

Windows ikiwaka, endesha sfc /scannow, inayokagua na kurekebisha faili za Windows, na ikilalamika, DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth kisha sfc tena. Task Manager ikiwa bado imezuiwa, futa DisableTaskMgr chini ya Policies\System kwenye rejista. Diski hii hairudishi mipangilio yote iliyovurugwa, na huo ndio upungufu wake mkubwa machoni pangu. Faili zilizofungwa na virusi vya kudai fidia nazo haifungui.

Kama Windows Security bado inafunguka, anza na Microsoft Defender Offline iliyomo humo humo. Inachukua kama dakika 15 na haihitaji flashi. Aliyeko Marekani, ambako uuzaji wa bidhaa za Kaspersky ulipigwa marufuku mwaka 2024, aanzie hapo pia.

Flashi zote zilizowahi kuchomekwa zikaguliwe kabla ya kurudishwa, hasa zinazopita kwenye stationery za kuchapisha. Zile ambazo folda zimegeuka shortcut, data kwa kawaida imefichwa tu: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* huirudisha, E ikiwa herufi ya flashi. Nywila za benki na barua pepe zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine.