Blind Joe Death ya John Fahey: nunua, ila angalia toleo

Haya, wapenzi wa gitaa kavu, leo hakuna mwimbaji wala ngoma. Ni mtu mmoja na gitaa lake mwanzo mwisho: Blind Joe Death, albamu ya kwanza ya Mmarekani John Fahey, ya mwaka 1959.

Tazameni jalada hapo kwenye skrini. Jeupe pee, maandishi meusi. Upande mmoja jina la Fahey, ukigeuza unakutana na Blind Joe Death. Huyo wa pili hajawahi kuzaliwa! Fahey alimtunga tu, eti mkongwe kipofu wa bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi. Akachapisha nakala 100 hivi kwa lebo yake mwenyewe, Takoma, na sehemu ya pesa ilitoka kwenye kibarua cha kituo cha mafuta.

Sasa muziki. Weka "Sligo River Blues", achana na melodi kwanza, fuata besi. Gumba linaruka kutoka uzi mnene mmoja hadi mwingine, dum-dum, dum-dum, halipotezi mpigo, huku vidole vingine vinachezea melodi huko juu kwa raha zao. Msikilizishe mtu bila kumwambia kitu, atakubishia kuwa ni magitaa mawili. Mliokulia na mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, hamtashangaa; yeye mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa tayari anayafanya haya kwa gumba na kidole cha shahada tu.

Ninaoupenda zaidi ni "In Christ There Is No East or West", wimbo wa kanisani usio na mbwembwe hata kidogo. "The Transcendental Waterfall", nisiwafiche, unanichosha. Unapita dakika 10, na jamaa anazungukazunguka tu bila kufika.

Ununue lipi? Nakala za 1959 waachieni wakusanyaji. Mwaka 1964 Fahey alirekodi upya baadhi ya nyimbo, na 1967 akairudia albamu nzima kwa stirio. CD ya 1996, The Legend of Blind Joe Death, imeweka pamoja matoleo hayo mawili, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Mimi nasimama na 1967: mkono umekomaa.

Na wewe unayejifunza, anza na "Sligo River Blues", gumba peke yake. Vidole vingine visubiri hadi hilo gumba liende bila kuliwaza.