Uzoefu wangu: pikipiki ya mtumba niliyouziwa Mbeya, injini imepashwa moto kabla sijafika

Naanza na karatasi ili nisiulizwe. Kadi ilikuwa sawa, namba ya chesisi inasoma vilevile na kadi, jina tumebadilisha TRA bila usumbufu wowote. Huko sina neno. Kinachoniuma ni injini, na kuliko injini ni mdomo wa yule kaka aliyeniuzia.

Mimi nasambaza mayai. Natoka Uyole alfajiri trei zimefungwa nyuma, nashusha kwenye maduka na migahawa mpaka Sokomatola huko, kwa hiyo nilitaka Boxer 150 maana spea zake unazikuta kila mahali na hakuna fundi asiyeijua. Nikaenda yadi moja maeneo ya Kabwe, mwezi wa sita ule au mwanzoni mwa wa saba, baridi ya Mbeya imeshika kwelikweli. Nilikuwa nimempigia simu kwamba nakuja saa nane mchana. Nafika nakuta imeshatolewa nje, imeoshwa, tairi zimepakwa ile dawa nyeusi zinang'aa, akabonyeza stata mara moja ikaitika. Mlio laini, moshi hakuna. Nikazunguka nayo pale uwanjani gia ya kwanza, ya pili, tamu. Nikahesabu 1,450,000 nikasaini karatasi iliyoandikwa mnunuzi amekikagua chombo na ameridhika nacho.

Sasa kuna kitu nilikiona na nikakiacha kipite. Nilipopanda tu, joto lilinipiga gotini, hata kabla sijaondoka. Pikipiki iliyokuwa inanisubiri mimi, kwa maneno ya yule kaka mwenyewe haijawashwa tangu asubuhi, joto lile limetoka wapi? Nilijiambia labda jua. Jua gani la Mbeya mwezi wa saba jamani.

Kesho yake saa kumi na moja na nusu, ukungu umetanda huioni hata nyumba ya jirani, nabonyeza stata inazunguka kwa taabu, nguu, nguu, nguu, inakata. Nikapiga kiki, nzito haishuki, nasimama juu yake kwa uzito wangu wote ndipo inashuka polepole kama imekwama kwenye matope. Ikaja kuwaka mara ya tisa au ya kumi hivi nimeshatokwa jasho. Nikabana klachi mpaka mwisho, narudia, mpaka mwisho, nikatia gia ya kwanza, pikipiki ikaruka mbele ikazima hapohapo, kamba ikalegea na trei mbili za juu zikaenda chini. Mayai 60. Nilisimama naangalia ule ute unavyosambaa kwenye changarawe, sikuwa na la kusema.

Ilipopata moto ikawa nzuri tena kama jana yake. Asubuhi iliyofuata yaleyale, na siku ya tatu nikiwa na mzigo kijana mmoja wa bodaboda akanifuata nyuma mpaka akanipita, akapunguza mwendo akaniambia mama simama uangalie, unatoa moshi wa bluu. Mimi nilikuwa mbele nitauonaje.

Nikaenda kwa fundi mmoja wa hukuhuku Uyole, sina undugu naye wala sikumjua kabla. Akanisalimia shikamoo, akasikiliza mpaka nikamaliza, hakugusa kitu. Akasema mama iache hapa ilale, kesho nataka niiwashe mwenyewe ikiwa ya baridi. Hapo ndipo nilipomwelewa. Asubuhi nikamkuta ameshaipiga kiki, akanionyesha kidole chake alichokiingiza kwenye ekzosti, kina weusi unaoteleza, una mafuta. Akasema ungekuwa masizi makavu ningekwambia tusafishe kabureta uende zako, lakini huu wa mafuta ni oili inapanda juu inaungua na petroli.

Akaweka galoni iliyokatwa chini ya injini akafungua nati ya oili. Mimi najua oili inavyomwagika. Hii ilishuka kama asali, kamba moja nene, inakatika inaungana, tumekaa pale muda mrefu inadondoka tu. Akaisugua kati ya vidole akasema hii ni 140, ile oili nzito ya gia, watu wanawekea difu za lori, zile gia za ekseli ya nyuma, kwenye pikipiki hii haihusiki kabisa. Inaziba nafasi zilizolika ndani, kelele inapotea, moshi unapungua kwa siku kadhaa. Shida yake ikipoa inaganda. Na klachi ya pikipiki hii inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, kwa hiyo asubuhi zile pleti zinakuwa zimegandana, wewe umebana klachi lakini ndani haijaachia, ukitia gia lazima iruke. Ndiyo maana alikupashia moto kabla hujafika, akasema, ili ilainike.

Yaani niliposikia hivyo mayai yangu 60 yalinirudia kichwani yote.

Kisha akachukua kipande cha sumaku ya spika ya redio, akakipitisha kwenye oili chini ya galoni. Kikatoka na ndevu za chuma, nyeusi, zimesimama. Akasema hizi ni ringi na cheni ya taimingi. Halafu akatikisa galoni juani nikaona vitu vinametameta ambavyo sumaku imeviacha, akasema hiyo ni aluminiamu, pistoni yako. Alipofungua hedi akanishika mkono akapitisha ukucha wangu kwenye ukuta wa silinda, ukakwama kwenye mstari. Akasema ukucha ukikwama hapo hakuna tena cha kubembeleza, inachongwa.

Silinda ikachongwa, pistoni na ringi mpya, sili za valvu, pleti za klachi, cheni ya taimingi, oili ya kawaida, na ufundi wake. 193,000. Na aliniambia siku moja akakaa nayo siku nne, nilimsema sana kwa hilo na sijafuta, siku nne mimi nalipa bajaji ya mayai. Lakini vitu vibovu vyote alivifunga kwenye mfuko akanikabidhi mkononi bila kuombwa.

Nikaupeleka ule mfuko yadi. Sikwenda kwa shari, nilitaka tu anirudishie hata nusu ya ile 193,000. Nikamwaga pistoni na ringi mezani kwake. Hakuziangalia. Yuko na simu, akaniambia, nanukuu, dada mtumba ni mtumba, ulisaini umeridhika, siku nyingine uje na mwanaume anayejua injini. Mbele ya wateja wawili. Kwa hiyo ningekuja na mwanaume usingeweka 140? Nilimuuliza hivyohivyo, akasema dada toka tunafanya kazi.

Mimi nimelea watoto watatu kwa mayai, naendesha mwenyewe, nafunga mzigo mwenyewe. Leo naambiwa nikatafute mwanaume wa kunisimamia nikinunua chombo kwa hela yangu. Ile 193,000 nimeshaisamehe, lile neno sijalisamehe.

Sasa pikipiki yenyewe, maana najua mtauliza. Nilikuwa nimepanga kuandika kwamba msinunue kabisa za mtumba. Ila nikiwa mkweli tangu itengenezwe inawaka stata ya kwanza kwenye baridi ileile, gia inaingia kimya, nimeenda nayo mpaka Tukuyu na kurudi na trei 12 milima yote ile haijanisumbua. Jumla imenisimamia 1,643,000 na naipenda, kwa kweli naipenda. Ningenunua tena? Nadhani ndiyo, ila ningesema naikuta asubuhi ya baridi na fundi wangu kando. Kwa yule? Hapana. Hata angeniuzia nusu bei, hata anipe bure, hapana.

Juzijuzi napita Kabwe mchana, nikasikia kwanza kabla sijaona. Pikipiki iko kwenye stendi pale mbele inaunguruma peke yake, hakuna mtu juu. Nikasimama ng'ambo. Baada ya muda yule kaka akaizima, akaipangusa na kitambaa. Haikupita muda akashuka kijana kwenye daladala, ana begi mgongoni, akaanza kuizunguka. Nikavuka barabara. Nikamwambia mdogo wangu, kabla hujafanya chochote weka mkono hapo kwenye injini. Akaweka akautoa haraka. Akamgeukia yule kaka akamuuliza, si umesema haijawashwa leo?

Yule kaka akaanza kunitukana. Nikapanda pikipiki yangu nikaondoka, nilikuwa na trei nne za kushusha.