Kabla Hujalipia Filamu za Msimu wa Tuzo, Kagua Sabtaito

Mwezi uliopita nilitoa shilingi 1,200 hapa Amu, mji wa Lamu, kwa flashi yenye filamu kumi na mbili, zote za kutoka nchi mbalimbali zilizowahi kupelekwa Oscar, zile tuzo za filamu za Marekani. Usiku ule, baada ya Isha, nikaiweka Timbuktu ya Abderrahmane Sissako. Tukakaa na shangazi, kahawa tungu mkononi. Filamu hii iliiwakilisha Mauritania mwaka 2015, ikaingia tano bora za Oscar na kutoka mikono mitupu, ingawa wiki hiyohiyo Ufaransa iliipa tuzo saba za César.

Watu wakaanza kusema Kiarabu, Kitamasheki, Kifaransa, na chini ya picha hakuna sabtaito, hata neno moja la tafsiri. Shangazi alijitahidi na Kiarabu chake cha chuoni, akawa anadaka neno hapa na neno pale. Tulipofika pale mfugaji Kidane anapowekwa mbele ya hakimu, naye Kiarabu hakijui, kila sentensi inapita kwa mkalimani, shangazi akanigeukia: "Mwanangu, wasemani hawa?" Sikuwa na jibu. Uhai wa mtu ulikuwa unaamuliwa kwa tafsiri, na sisi tafsiri hatukuuziwa. Kitu pekee tulichokipata kizima ni ile sehemu ya vijana wanaocheza kandanda bila mpira, kwa kuwa kandanda imepigwa marufuku mjini kwao. Wanakimbia, wanapasiana, na mpira haupo. Shangazi aliweka kikombe chini, akatazama kimya mpaka ikaisha.

Ndiyo maana humu sitaulizia picha ni safi kiasi gani wala tivii yako ni inchi ngapi. Hayo kila muuzaji atakueleza. Nauliza sabtaito tu.

Ukienda dukani, mwambie muuzaji aifungue filamu mbele yako. Usiridhike na dakika ya kwanza, maana filamu nyingi huanza kwa muziki na mandhari. Mpeleke dakika ya kumi, kisha dakika ya themanini. Kuna nakala ambazo maandishi yanaanza sawa, halafu yanachelewa kidogo kidogo, kwa sababu faili la sabtaito lilitengenezwa kwa picha 24 kwa sekunde na filamu yenyewe inakwenda kwa 25. Mwishoni mtu analia na maandishi bado yanamsalimia mgeni. Kama sabtaito ni faili la pembeni, hakikisha limebeba jina lilelile la faili la filamu, herufi kwa herufi, na yote mawili yamo katika folda moja. La sivyo tivii nyingi hazitalisoma. Na kama picha imevutwa ijaze kioo, angalia mstari wa chini haujakatwa.

Sasa nizipange filamu zenyewe. Ya kwanza kwangu ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018. Jo ni mtoto anayeugua ugonjwa usiopona, anaota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu yake. Kiswahili kimejaa humo, kwa hiyo hata nakala mbovu haikunyimi yote. Ilipelekwa Oscar, haikuteuliwa. Tena sifichi kwamba nawapendelea waliohusika nayo, One Fine Day Films, kampuni ya Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, inayowapa kazi waongozaji wa hapa kwetu. Wao ndio waliotuletea Soul Boy, Kati Kati, na Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, filamu ya kwanza kabisa Kenya kuipeleka Oscar, mwaka 2012. Nikiliona jina lao nalipa bila kuuliza. Hadithi zao zinamheshimu mtu wa kawaida, na sijajutia hata moja.

Ya pili ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Unguja ya miaka ya 1950, Yasmin aliyemkimbia mume mzee, na Denge anayepigania uhuru. Tanzania iliipeleka Oscar 2022, miaka zaidi ya ishirini tangu ilipopeleka Maangamizi. Kwa watu wa mwambao hii haihitaji maandishi. Shangazi anacheka kabla Kiingereza hakijatokea chini.

Subira ya Ravneet Chadha naiweka ya tatu, na najua wenzangu wa hapa watanilaumu, maana ni binti wa Lamu anayetaka kuogelea baharini, akaozwa Nairobi. Kenya iliipeleka Oscar 2019. Itazameni kwa ajili ya bahari yetu.

Ya nne ni Atlantics ya Mati Diop, vijana wa Dakar walionyimwa mishahara wakaingia baharini, na wasichana waliobaki ufukweni. Ilipata tuzo ya Grand Prix kwenye tamasha la filamu la Cannes 2019, na kwenye Oscar ikaishia orodha ya awali. Ni ya Kiwolofu, kwa hiyo dukani msiinunue. Ipo Netflix, na huko sabtaito zinakwenda na midomo. Timbuktu ni ya tano, na ingekuwa ya kwanza kama ningeuziwa nzima.

Za bei ndogo: Watu Wote, filamu fupi ya basi lililoshambuliwa karibu na Mandera 2015, dakika 22, bando kidogo tu. Zile za "filamu hamsini kwa mia tano" msiziguse.

Nililorudi nalo dukani ni hili. Kundi hili la Oscar, la filamu bora ya kimataifa, limejengwa juu ya lugha. Mwaka 2019 Nigeria ilipeleka Lionheart ikaondolewa, kwa kuwa sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni Kiingereza. Maneno ya watu kwa lugha yao ndiyo yanayoshindanishwa, na muuzaji ananiambia, "Dada, picha si inaonekana?" Nikamuuliza kwa nini basi bei yake ni juu kuliko Malindi. Akanijibu kwamba kila kitu hapa kinavushwa kutoka Mokowe, kule bara. Unga unavushwa, saruji inavushwa, nimekubali. Filamu aliipakua kwenye intaneti akiwa amekaa kwenye kiti chake, haikupanda boti yoyote. Na katika hizo shilingi 1,200, waliotunga na kuigiza hawakupata hata senti. Anakataa kunirudishia pesa, na flashi amesema nibaki nayo.

Timbuktu nimeitafutia faili la sabtaito mwenyewe, nimelipatia jina linalostahili, nimelikagua mpaka mwisho. Alhamisi baada ya Isha tunaianza upya na shangazi, kuanzia pale kwa hakimu.