Uzoefu wangu katika kibanda cha video, Kampala

Nimeishi Kampala miaka mingi bila kuingia katika kibanda cha video, kwa sababu niliamini kwamba filamu hutazamwa kwa utulivu. Jirani yangu ndiye aliyenishawishi nimfuate Jumamosi moja jioni. Kiingilio ni shilingi 1,000, benchi za mbao hazina migongo, madirisha yamezibwa kwa magunia, na pembeni ya runinga ameketi vijei mwenye kipaza sauti, ambaye kazi yake ni kuwatafsiria watazamaji kwa Kiganda na kuongeza mzaha wake mwenyewe.

Ilionyeshwa filamu ya zamani ya mapigano kutoka Hong Kong, ambayo wengi ukumbini walikuwa wameshaitazama mara nyingi. Vijei amemgeuza jambazi kuwa mwenye nyumba anayedai kodi, na yule mzee anayefundisha mapigano amekuwa mkuu wa shule ya bweni. Kila mara mzee anaponyanyua kikombe chake cha chai na kunyamaza, ukumbi mzima nao hunyamaza, vijei husogeza kipaza sauti mbali na mdomo, kisha watu wote, pamoja na watoto waliokaa sakafuni, hupaza sauti: "Fiizi!", yaani karo. Mara ya kwanza sikuelewa kwa nini wanacheka. Mara ya tatu nami nilipiga kelele, na jirani yangu akanigeukia kana kwamba nimefaulu mtihani.

Mara nyingi husemwa kwamba filamu zenye mashabiki wa kufa na kuzikana hupendwa kwa sababu ya ubovu wake, lakini baada ya jioni ile siafiki. Filamu ile haikuwa mbovu hata kidogo, ila ilikwenda polepole, na ule ukimya wa mzee na kikombe chake ndio uliotupa nafasi ya kuingia. Iliyofuata ilikuwa ya Marekani, mpya, yenye milipuko isiyokoma, na haukupita muda watu walikuwa wanaangalia simu zao, kwa kuwa hata vijei hakupata pa kupenyeza neno.

Nimelinganisha na niliyosoma kuhusu filamu ya "The Rocky Horror Picture Show", ambayo ilipotoka mwaka 1975 haikupata watazamaji wengi, mpaka ilipoanza kuonyeshwa usiku wa manane jijini New York mwaka 1976. Huko watu hujibizana na wahusika, hurusha mchele katika tukio la harusi, na hujifunika magazeti kichwani mvua inaponyesha kwenye filamu. (Mchele wa kumwaga sakafuni, hapa kwetu, ungezua ugomvi kabla harusi haijaisha.) Kule watazamaji walijitungia maneno wenyewe kwa miaka, hapa vijei ndiye hurusha la kwanza. Desturi hiyo ndiyo imeitambulisha "Who Killed Captain Alex?", filamu ya Nabwana I.G.G. iliyotengenezwa Wakaliga, humu humu Kampala, kwa kiasi kinachotajwa kuwa chini ya dola 200, kwani nakala inayotazamwa leo duniani ina sauti ya vijei, Emmie, ndani yake. Niliwahi kuitazama peke yangu kwenye simu, nikatabasamu mara mbili tatu. Sasa najua nilikosa nini.

Kasoro zipo. Spika ziliwekwa juu mno, joto lilikuwa kali, na mlango ni mmoja tu, jambo ambalo mwenye ukumbi anapaswa kulirekebisha haraka. Vilevile vijei hakujua lini anyamaze: mama wa shujaa alipokuwa anakata roho, yeye alikuwa bado anatania, na mwanamke mmoja mbele yangu akamkemea waziwazi.

Katikati ya pambano la mwisho la ile filamu ya Hong Kong umeme ulikatika. Nilisimama nikidhani tumekwisha, lakini kijana wa benchi la nyuma aliendelea kusimulia gizani, wenzake wakipiga miguu sakafuni kila ngumi ilipotua, na jenereta ilipowaka baada ya dakika kama kumi tulikuwa tumeshamwua jambazi na kumpazia mzee "Fiizi!" yake ya mwisho. Hakuna aliyeomba arudishiwe pesa. Jumamosi ijayo nitakwenda tena, na nimeshanunua kimto cha kukalia.