Ufadhili wa ualimu kwa vijana wa visiwa vidogo: ada imelipwa, nauli je?

Skuli za visiwa vidogo vya Zanzibar kama Kojani, Tumbatu na Kisiwa Panza zinataka walimu wasioomba uhamisho kila bahari inapochafuka. Ndiyo maana ufadhili wenye sharti la kurudi kufundisha kwenu unasifiwa, na kwa wazo lake unastahili: mzaliwa wa kisiwani ana pa kulala na anawajua watoto. Kwa utekelezaji, tunaupa alama 3 kati ya 5.

Mara nyingi kinacholipwa ni ada tu. Mwanafunzi wa Kojani, Pemba, anayesoma chuo Tunguu, Unguja, ana gharama za kidau, gari hadi bandari ya Mkoani, boti hadi Unguja, dahalia, chakula. Halafu yanakuja mazoezi ya kufundisha: nauli kila siku, manila na kalamu za kutengenezea zana, na posho mara nyingine hailetwi mpaka wiki zimeshapita. Kwa kiziwi, ada bila mkalimani wa lugha ya alama haimfikishi popote. Asiyeona anahitaji kompyuta yenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti.

Kwenye maombi, kinachoangusha watu ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khadija, cha kidato cha 4 Hadija. Shughulikia hilo kabla dirisha halijafunguliwa. Barua ya sheha na kitambulisho cha Mzanzibari havisumbui sana.

Sifa za shahada ni principal pass 2 (ufaulu kamili wa somo kwenye mtihani wa kidato cha 6) zenye jumla ya pointi 4, yaani D mbili zinatosha. Lakini aliyesoma skuli isiyo na mwalimu wa fizikia ataitoa wapi D ya fizikia? Ufadhili unaoanzia chuoni umeshachelewa kwake. Uanzie kidato cha 5, pamoja na masomo ya ziada.

Mkataba usomwe kifungu kwa kifungu. Marekani wana TEACH Grant, ruzuku ya serikali kwa wanaosomea ualimu, hadi dola 4,000 kwa mwaka, kwa sharti la kufundisha miaka 4 ndani ya miaka 8. Ukishindwa inageuka mkopo, na riba inahesabiwa tangu siku fedha zilipotoka. Wapo waliokuwa darasani wakifundisha, wakageuziwa mkopo kwa sababu ya fomu iliyochelewa. Kanuni zililegezwa baadaye. Kwa hapa kwetu, uliza: ajira isipotoka mwaka niliohitimu, muda wa kungoja unahesabiwaje? Jibu liandikwe ndani ya mkataba. La mdomo lisikufanye utie saini.