Jo-an ya Inuyama: nyumba ya chai iliyopanda lori

Wandugu wa Lubumbashi mnaoenda Nagoya, Japani, kutafuta malori ya mitumba, mnada ukiisha mapema msibaki hotelini. Pandeni treni ya Meitetsu, kama nusu saa hivi, mshuke Inuyama-yuen. Kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu hadi bustani ya Urakuen, na humo ndimo ilimo Jo-an, nyumba ya kale iliyojengwa kwa kuwanywesha wageni chai kwa desturi ya Kijapani.

Kiingilio nililipa yeni 1,200. Kwa pesa hiyo huingii ndani ya nyumba yenyewe, unachungulia mlangoni na madirishani tu. Mwenzangu, fundi wa magari wa Kamalondo, alikasirika: "Papa, tumelipa kuangalia banda la kuku?"

Ni ndogo kweli. Chumba cha chai ni mikeka miwili na nusu ya Kijapani pamoja na kipande kimoja zaidi, na mkeka mmoja una kama sentimita 90 kwa 180. Mgeni huingia kwa kutambaa kupitia kimlango cha mraba, hata awe mkubwa wa vita. Aliyeijenga, Oda Urakusai, alikuwa mmoja wao, mdogo wake Oda Nobunaga aliyekaribia kuitia Japani nzima mkononi. Uzeeni aliachana na mapanga, akahamia kwenye hekalu la Kenninji mjini Kyoto, na huko akaisimamisha Jo-an mwaka 1618.

Tazameni ukuta kwa chini: umebandikwa karatasi za kalenda za zamani ili udongo usishike nguo za wageni. Marehemu mama alibandika kalenda za parokia kuficha nyufa. Urakusai alikuwa na mali, na bado alichagua kalenda. Dirisha moja limezibwa kwa mianzi iliyobanana, jua linapenya kwa vipande vyembamba. Mimi nilikaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine pote.

Ila kilichonishika zaidi, kwa kuwa nakula kwa malori, ni safari za nyumba hii. Mwaka 1908 familia ya Mitsui, matajiri wa biashara, iliitoa Kyoto ikaipeleka Tokyo. Mwaka 1936 serikali ikaiandika kuwa hazina ya taifa. Kisha, miaka hiyohiyo ya 1930, ikahamishiwa Oiso kando ya bahari, na safari hii hawakuibomoa ubao kwa ubao: kadiri ilivyowezekana waliipakia kwenye gari ikiwa imesimama vilevile, kuta za udongo na paa la vibao vyembamba. Nyumba ya miaka zaidi ya 300! Mimi nimeona vigae vikitoka Dar es Salaam vizima na kufika Lubumbashi changarawe. Dereva yule ningempa kazi leoleo, mshahara ajitajie. Mabomu ya 1945 yalipoichoma Tokyo, nyumba ilikuwa imeshaondoka. Inuyama ilifika 1972. Kwetu villa ya Wabelgiji ikimzuia mtu kujenga ghorofa, unaamka asubuhi unakuta kifusi, na hakuna anayeuliza.

Chai inanywewa nyumba nyingine humo bustanini, Koan, nayo inalipiwa peke yake. Ni unga wa majani, matcha, unaopigwa kwa kifagio kidogo cha mwanzi hadi utoe povu. Hakuna maziwa wala sukari. Kuleni kwanza kile kitamu wanachowawekea, bila hicho uchungu utawashinda. Mwenzangu aliomba sukari, na yule mama akatabasamu tu akaendelea na kazi yake. Mimi nilimaliza bakuli, ingawa sitadanganya kwamba niliipenda kuliko chai yetu ya maziwa na mkate wa asubuhi.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naibakiza mpaka nitambae ndani. Kuna siku chache maalumu wanazoruhusu watu kuingia, kwa hiyo ulizeni kabla ya kupanga safari. Mkibahatika, vaeni suruali pana, na soksi zisizotoboka.